Samaki Wako wa Free Area Ametoka Ziwa Gani? Hii Hapa Rada Yote

Ukishuka stage ya Free Area saa kumi na mbili jioni, harufu ya samaki inakufikia kabla hujavuka barabara. Mafuta yanachemka kwa karai, tilapia wamepangwa kwa meza wakiwa wamechanjwa ubavuni, sukuma iko tayari na ugali unageuzwa. Unachagua wako, unatuma doh kwa M-Pesa, unadishi. Kitu ambacho wasee wachache sana huuliza ni hiki: huyu samaki ametoka wapi, na ni nani alimtoa majini?

Kwa zile kampuni kubwa za samaki duniani, hilo swali sasa ni kazi ya ofisi nzima. Zinaahidi kwa maandishi kwamba hazitamaliza samaki baharini, kwamba aliyevua alilipwa vizuri na hakuteswa, na kwamba ukiuliza, zinaweza kumfuata huyo samaki kutoka kwa sahani yako mpaka kwa boti. Huku kwetu samaki hana lebo, hana risiti, ana jina tu: "wa Naivasha", "wa Kisumu". Unaeza dhani hizi ni story za watu wa Ulaya wenye pesa ya kuchagua. Zii. Mtu wa Free Area anahitaji hilo jibu kuliko mtu wa London, na sababu iko nyuma ya mtaa. Inaitwa Ziwa Nakuru.

Ziwa lenye halina mlango wa kutokea

Historia kidogo kwanza, juu wengi wetu tulifunzwa shuleni kwamba hilo ni ziwa la flamingo, basi. Maji yake ni ya magadi na kitambo hakukuwa na samaki kabisa. Miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, kasamaki kadogo ka Ziwa Magadi kaliletwa na kutiwa humo, moja ya sababu ikiwa kale viluwiluwi vya mbu. Kakazoea, kakazaana, na mwari na ndege wengine wala samaki wakafuata. Lakini hako si ka kuweka kwa karai.

Kilichobadilisha mambo ni maji kupanda. Kuanzia karibu 2010, maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kumeza ardhi: Baringo, Bogoria, Naivasha na Nakuru. Hapa kwetu geti kuu ya mbuga ilifunikwa na maji, na watu wa Mwariki na Barut wakapoteza nyumba na mashamba. Maji yalivyoongezeka, magadi yalipungua makali, na tilapia wa kawaida, yule mkubwa wa kujaza sahani, akapata pa kuishi. Ghafla kukawa na samaki wa bure kilomita chache tu kutoka kwa masoko ya mji wenye njaa, mji ambao tangu Desemba 2021 unaitwa jiji.

Noma iko kwa venye hilo ziwa limekaa. Mito inaingia, Njoro, Makalia na Nderit, na hakuna hata mmoja unaotoka. Maji yanaondoka kwa kukaushwa na jua peke yake. Sasa ongeza hapo mvua inayoosha mji wote: magereji, viwanda, mitaro, takataka za dampo la Gioto kule juu. Ongeza maji ya choo ya mji, ambayo yakishasafishwa huelekezwa hapo hapo. Chenye jua haliwezi kukausha kinabaki: risasi, zebaki na metali zingine nzito. Samaki anakimeza kidogo kidogo maisha yake yote, kisha wewe unameza samaki.

Maafisa wa afya na serikali wameonya zaidi ya mara moja kwamba samaki wa Ziwa Nakuru hafai kuliwa. Na usidanganywe ati ukimkaanga sana anakuwa sawa. Moto unaua vijidudu, hauui risasi. Wanaoumia zaidi ni watoto na wamama wajawazito, kwa sababu hizo metali zinagusa ubongo ambao bado unakua. Hutaumwa na tumbo usiku huo, na hapo ndipo watu huchezwa: "mimi nimekula miaka miwili na niko fiti."

Kisheria pia, ziwa liko ndani ya mbuga inayolindwa na KWS, na kuvua humo bila ruhusa ni kosa. Lakini vijana wanaingia, mara nyingi usiku, kwenye viboko na nyati, juu kazi hakuna na samaki wapo. Si mchezo. Mapema 2025 kijana mmoja mvuvi alipotea baada ya kudaiwa kukamatwa na maaskari wa mbuga. Familia ikaenda kortini, Nakuru ikaingia barabarani. Kwa hivyo ukisikia kampuni za ng'ambo zikibonga kuhusu "usalama wa mvuvi", jua hilo neno lina maana hata hapa Nakuru.

Huyo samaki akishatolewa ziwani, hakuna muuzaji atakuambia ni wa Ziwa Nakuru. Anabatizwa njiani. Akifika mtaani tayari ni wa Naivasha.

Wa Naivasha wa ukweli anafika aje?

Naivasha iko karibu kilomita 70 kutoka Nakuru, na barabara inayoleta samaki wake inapita hapo hapo Free Area. Ndiyo maana uongo unaingia kirahisi: wa ukweli anapita kweli. Ziwa Naivasha nalo halina mto unaotoka, lakini maji yake si ya chumvi. Wataalamu wanaeleza kwamba hupenya chini ya ardhi na kwenda na chumvi yake. Samaki wengi wa humo waliletwa na binadamu kwa nyakati tofauti, kwa hivyo hata "samaki wa kienyeji wa Naivasha" ni maneno ya biashara tu.

Hili ziwa limeshatuonyesha kitu kinachotokea mkivua bila akili. Mwaka wa 2001 samaki walikuwa wamepungua kiasi kwamba uvuvi ulifungwa mwaka mzima. Mwaka huo huo samaki mgeni, kapu, akaanza kuonekana kwa nyavu, na ndani ya miaka kumi akawa ndiye karibu peke yake. (Kama umewahi kula kapu na ukamaliza jioni ukitoa miiba kwa meno, unajua kwa nini watu walilia tilapia arudi.) Tilapia wapya walitiwa ziwani 2011, na leo ndio wengi tunakula.

Sasa sikiza hapa, juu hii ndiyo lebo yetu hata kama haijachapishwa kwa karatasi ya kung'aa. Tangu kanuni za 2007, kila ufuo wa kuvulia unafaa kuwa na kamati inayoitwa BMU, ya wavuvi, wachuuzi na wenye boti wenyewe. Kazi yake ni kujua boti gani imesajiliwa, nani ana leseni, nyavu ni za saizi gani, na samaki wangapi wameshuka siku hiyo. Huko Naivasha fuo kama Karagita na Kamere zinajulikana. Samaki aliyepita hapo ana mahali alipoandikwa. Yule aliyevuliwa na wasee wanaoingia majini kwa miguu usiku, bila boti wala leseni, hajaandikwa popote, na mara nyingi ni mdogo, hajawahi hata kutaga mayai. Hao wavuvi wa miguu ndio pia viboko huua. Na tusemezane ukweli, Naivasha si malaika: mashamba ya maua yamezunguka ziwa na mji umekua haraka. Lakini kati ya ziwa lenye wavuvi wanaosimamiwa na ziwa lenye onyo la kutolisha watu, si ngumu kuchagua.

Basi hizo lebo za kampuni ni nini haswa?

Ukiingia supa yoyote ya Nakuru, cheki rafu ya mikebe ya tuna. Mingine ina kanembo ka bluu kenye umbo la samaki. Hiyo ni ya MSC, shirika lililoanzishwa 1997 na WWF pamoja na Unilever, ile kampuni ya sabuni na Blue Band ya siku zile. Walikuwa wameona samaki aina ya chewa wakiisha Kanada, na Unilever walikuwa wanauza samaki wengi sana wa kugandishwa. Samaki wakiisha, biashara imeisha. Kwa hivyo usidhani ahadi hizi zilianza kwa huruma pekee.

MSC inauliza maswali matatu: samaki wenyewe bado ni wengi, uvuvi unaharibu nini kingine, na kuna usimamizi wa maana? Anayekagua ni kampuni ya tatu, si muuzaji. Kisha kila anayeshika huyo samaki njiani, kiwanda, dalali, duka, lazima athibitishe hajamchanganya na mwingine. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ngumu na ndiyo ya maana. Bila hiyo, lebo ni sitika tu.

Kwa samaki wa kufugwa kuna ASC, iliyoanza 2010, na bidhaa yake ya kwanza kubeba nembo mwaka wa 2012 ilikuwa tilapia. Hii inaangalia maji machafu yanayotoka kwa shamba, dawa, chakula cha samaki na pia wafanyakazi. Halafu kuna lebo za biashara ya haki, ambazo zinaanza na mfuko wa mvuvi: bei, usalama, pesa ya ziada ya kijiji.

Ulimwengu ulichanuka kuhusu upande wa wafanyakazi mwaka wa 2015, waandishi wa shirika la habari la AP walipofuata samaki kutoka kisiwa cha Benjina, Indonesia, ambako watu walikuwa wamefungiwa kwa vizimba na kulazimishwa kuvua bila malipo, mpaka kwa maduka makubwa ya Marekani. Zaidi ya watu 2,000 walitolewa utumwani. Kampuni zilizokuwa zimejaza tovuti zao maneno ya kulinda bahari zikaulizwa: na binadamu? Tangu hapo ahadi nyingi zina sehemu mbili, samaki na mtu.

Kuna mtego lakini. Soma ahadi kwa makini uone kama imesema "tumefanya" ama "tunalenga". Kampuni ikisema italenga kufika mahali fulani mwaka fulani, hiyo si lebo, ni matumaini yenye tarehe. Na ikisema "rafiki wa mazingira" bila kutaja ziwa ama bahari, aina ya wavu, na nani alikagua, haijasema kitu.

Victoria: mnunuzi wa mbali, sahani ya karibu

Samaki mwingine wa Nakuru anatoka upande wa pili, Kisumu, Homa Bay, Busia. Na Ziwa Victoria ndilo somo kubwa zaidi Afrika Mashariki la mnunuzi akiweka mguu chini.

Mwaka wa 1999 iligundulika kwamba wavuvi wengine walikuwa wanamwaga dawa za wadudu majini ili samaki waelee. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa ziwa hilo, na kwa Kenya haukufunguliwa mpaka mwisho wa 2000. Viwanda vya mbuta vilikaa bila kazi. Wakati vilirudi, mambo yalikuwa mengine: maabara, barafu, mabanda safi ya kupokelea samaki, ukaguzi ufuoni. Kuna pia sheria ya saizi: mbuta wa kiwandani awe kati ya sentimita 50 na 85. Mdogo hajazaa, mkubwa sana ndiye mama wa wengine, wote wawili waachwe.

Sasa hapa ndipo ahadi inavuja. Mbuta wa sentimita 30 akikataliwa kiwandani, hafufuki kurudi majini. Anauzwa huku ndani, kwa soko lenye halina rula. Mnunuzi wa Ulaya ana samaki safi wa saizi halali, na sisi tunakula watoto wake. Ni kama ile story ya mgongo wazi: mnofu unapandishwa ndege, mtaa wa Obunga kule Kisumu unakaanga mifupa na vichwa. Sisemi mgongo wazi si tamu. Ni tamu sana. Nasema angalia nani anabaki na nini.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, Tanzania, shirika la Ujerumani la Naturland liliwapa sangara (ndio hao hao mbuta) lebo yake ya samaki wa porini, na kanuni zake zinagusa ziwa pamoja na maisha ya wavuvi. Inawezekana, kwa hivyo.

Halafu kuna jambo lenye hakuna mkebe huandika. Kwa fuo nyingi za Victoria kuna jaboya: mwanamke mchuuzi, ili apate samaki wa kuuza, anatakiwa kulala na mvuvi, pesa tu haitoshi. Hiyo imeeneza Ukimwi na imevunja nyumba. Kule Nduru, Nyakach, wanawake walichoka, na kuanzia karibu 2011 wakasaidiwa kupata boti zao wenyewe, wakaajiri wanaume kuwavulia. Mwenye boti ndiye anagawa samaki, hesabu ni rahisi hivyo. Mafuriko ya 2020 yalifagia kijiji na kuwarudisha nyuma vibaya. Lakini kama kampuni yoyote ya Kenya inataka kuniambia inanunua kwa uadilifu, swali langu la kwanza si kuhusu plastiki. Ni kama mama aliyewauzia alilipa pesa ama alilipa mwili.

Siku hizi samaki wengi wa mijini ni wa kufugwa kwa vizimba vinavyoelea ziwani. Victory Farms ya Homa Bay, iliyoanza 2015, ndiyo jina kubwa, na iliingia mitaani kwa maduka yenye friji badala ya kungoja masupa. Vizimba vinapunguza presha kwa samaki wa porini na unajua ametoka wapi. Viulize mawili: maji yanayovizunguka yako sawa, juu Novemba 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa Kisumu baada ya oksijeni kupungua, na wanalishwa nini, juu omena nyingi ya Victoria huishia kusagwa kuwa chakula cha kuku na samaki badala ya kufika kwa sufuria ya mtu.

Na wa China? Mwaka wa 2018 mjadala ulifika mpaka kwa Rais Uhuru Kenyatta. Tilapia wa China wengi hufugwa, wanagandishwa, wanasafiri mbali. Kugandishwa si kosa. Kosa ni kuyeyushwa Wakulima Market na kuitwa wa Kisumu. Kwa boksi lake huwa kuna nchi na tarehe. Tatizo ni kwamba boksi hubaki kwa dalali.

Uko kwa meza ya mama samaki, unauliza nini?

Macho ya kung'aa, mashavu mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza: hizo ni dalili za samaki freshi, na ni poa kuzijua. Lakini hazikuambii ziwa. Samaki wa Ziwa Nakuru aliyevuliwa saa tisa usiku ndiye atakuwa freshi kuliko wote sokoni. Kwa macho huwezi kumtofautisha, na mwenye anakuambia anajua kwa harufu anabahatisha.

Kwa hivyo unabaki na maswali, na unauliza kwa heshima, juu huyo mama naye ananunua kwa dalali na anaweza kuwa amechezwa kama wewe. "Mama, hawa walishuka ufuo gani?" Si ziwa gani, ufuo gani. Mwenye ananunua Naivasha kila asubuhi atasema Karagita ama Kamere kabla hujamaliza, na pengine akuongezee story ya bei ya leo. Mwenye hana jibu atasema "Naivasha" tena, kwa sauti kubwa zaidi. Uliza pia nani anamletea na kama ni yule yule kila siku. Muuzaji wa kudumu ana leseni, ana cheti cha afya, na ana jina la kulinda. Yule anayepitisha samaki kwa ndoo nyumba kwa nyumba asubuhi sana, bila barafu, kesho humpati.

Piga hesabu ya bei pia. Samaki wa Naivasha amelipa mvuvi, amelipa barafu, amelipa nauli ya kilomita 70 na amelipa soko. Akiuzwa chini ya hiyo gharama, kuna kitu mtu hakulipa. Na saizi: tilapia wa kutoshea kiganja, wamejaa sinia, bei ya kutupa, hao wametoka kwa wavu haramu hata kama ziwa ni safi.

Kama wewe ndiye una kibanda ama unapanga kufungua, una nguvu kuliko mteja. Nunua kwa mtu mmoja ama wawili, omba jina la ufuo na tarehe kila mzigo, uandike kwa kitabu. Kisha chukua chaki, andika kwa ubao wako pale stage: "Leo: tilapia, Kamere." Zile kampuni hulipa wakaguzi pesa nyingi kuandika hicho kitu kimoja. Wewe ni chaki.

Ya mwisho ni ya wapenda omena. Upande wa Kenya, uvuvi wake hufungwa kutoka tarehe 1 Aprili mpaka 31 Julai ili wazaane. Ukiona gunia zimejaa mwezi wa sita, haimaanishi ni za haramu, juu omena hukaushwa ikawekwa, na nyingine huvuka mpaka kutoka Uganda na Tanzania. Uliza tu ilianikwa lini na wapi, na uangalie kama kuna mchanga.